Ukataji wa matumbawe

Ukataji wa matumbawe ni njia ya kuzalisha matumbawe kwa kuyagawanya katika vipande vidogo, ambavyo kila kimoja huponya jeraha lake na kukua kuwa koloni kamili. Hufanywa hasa na wafugaji wa viumbe wa bahari wenye akwaria nyumbani, wengi wao wakiwa Marekani na Ulaya, na pia na wanasayansi wanaojaribu kurudisha miamba iliyokufa. Matumbawe laini hukatwa kwa wembe au mkasi. Matumbawe magumu, ambayo yana kiunzi cha mawe, huhitaji koleo, mashine ndogo za mzunguko au misumeno ya umeme yenye makali ya almasi.

Kazi hiyo inafanana na ya mkulima anayepanda muhogo kwa pingili au viazi vitamu kwa marando: hakuna mbegu, na kila mche mpya una sifa zilezile za mama yake. Tofauti ni kwamba tumbawe ni mnyama, tena baadhi ya jamaa zake wana sumu kali. Kwa hiyo anayekata anapaswa kujua mambo mawili kabla ya kuwasha mashine: tumbawe hilo limejengwaje, na linaweza kumdhuru vipi.

Tumbawe na uwezo wake wa kugawanyika

Tumbawe linaloonekana kama jiwe au kichaka kwa kawaida si mnyama mmoja bali ni koloni la wanyama wadogo waitwao polipi, mamia au maelfu kwa pamoja. Kila polipi ana umbo la mfuko wenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Mdomo huo huingiza chakula na pia hutoa uchafu. Polipi wameunganishwa na tishu nyembamba inayofunika kiunzi chote, na kupitia tishu hiyo hugawana chakula.

Matumbawe magumu, yaani yale ya oda Scleractinia, hujenga kiunzi cha kalsiamu kabonati. Kiunzi chenyewe hakina uhai. Uhai uko katika tabaka la tishu lililo juu yake, ambalo kwa spishi nyingi lina unene wa milimita chache tu. Ndani ya tishu hiyo huishi mwani wa seli moja ambao hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo hulilisha tumbawe. Mwani nao hupata makazi pamoja na kaboni dayoksaidi na virutubisho vinavyotokana na mwili wa tumbawe.

Matumbawe huzaliana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kijinsia: mayai na mbegu za kiume huungana na kuzaa mabuu wanaoelea baharini mpaka wapate mahali pa kujishikiza. Ya pili haihusishi jinsia. Dhoruba inapovunja matawi ya jenasi Acropora, vipande vilivyoangukia mahali imara hujishikiza kwenye mwamba na kuendelea kukua. Spishi Acropora cervicornis ya bahari ya Karibi huenea kwa kiasi kikubwa kwa njia hii. Mfugaji anayekata tumbawe nyumbani anaiga kazi ya dhoruba, ila yeye huchagua mahali pa kukata na mahali pa kupanda.

Kipande huweza kuishi kwa sababu kila polipi ana viungo vyote anavyohitaji na hategemei kichwa wala moyo ulio kwingine katika koloni. Tishu huziba jeraha, na mwani uliomo ndani huendelea kutoa sukari hata kabla polipi hajaanza kula tena. Kutokana na hayo ilipatikana kanuni kuu ya kazi hii: kila kipande kinapaswa kuwa na angalau mdomo mmoja mzima. Kwa matumbawe magumu, kipande cha tishu kisicho na mdomo mara nyingi hufa.

Historia

Hadi katikati ya karne ya 20 matumbawe yaliyowekwa katika akwaria yalidumu kwa muda mfupi tu. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida la Kimarekani jinsi alivyofuga viumbe wa mwambani kwa kutumia mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe vyake, bila mitambo mingi. Katika miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa mji wa Berlin, Ujerumani, waliendeleza njia iliyounganisha mawe hayo na taa kali, maji ya chokaa na chombo cha kutoa uchafu wa protini kwa mapovu. Mmoja wao, Dietrich Stüber, alifanikiwa kukuza Acropora, akawagawia wenzake vipande vyake. Uzao wa tumbawe hilo ulisambaa katika akwaria nyingi za Ulaya na baadaye Marekani.

Tangu hapo ilifahamika kwamba tumbawe moja lililotunzwa vizuri linaweza kuwafikia wafugaji wengi bila kurudi baharini kuchukua jingine. Katika miaka ya 1990 kubadilishana vipande kukawa desturi ya vyama vya wafugaji, na mwaka 2001 Anthony Calfo wa Marekani alichapisha kitabu kizima juu ya uzalishaji wa matumbawe.

Mwanzoni vifaa karibu vyote viliazimwa kutoka fani nyingine. Koleo la kukatia mifupa lilitoka kwa madaktari wa upasuaji, msumeno wa mkanda wa almasi kwa mafundi wa vioo, mashine ya kukatia vigae kwa waashi, na mashine ndogo ya mzunguko kwa wachongaji na mafundi wa vitu vidogo. Baadaye viwanda vilianza kutengeneza misumeno kwa ajili ya matumbawe hasa.

Aina za matumbawe na namna zinavyokatwa

Umbo la kiunzi ndilo linaloamua kifaa. Wafugaji hupanga matumbawe katika makundi yafuatayo:

- Ya matawi yenye polipi wadogo, kwa mfano Acropora, Pocillopora na Stylophora. Tawi la sentimita 2 hadi 5 hukatwa kwa koleo kwa mkato mmoja. Mashine huhitajika pale tu shina linapokuwa nene kiasi kwamba koleo lingeliponda.
- Ya mabamba, kwa mfano Montipora capricornis. Bamba ni jembamba na huvunjika kwa mkono, lakini msumeno hutoa vipande vilivyo sawa na vyenye ukingo safi.
- Ya vichwa vikubwa juu ya mashina, kwa mfano Euphyllia zenye matawi. Hapa mkato hupita katika shina tupu, sentimita chache chini ya mahali tishu inapoishia. Koleo ni hatari kwa kundi hili kwa sababu ufa unaweza kupanda juu na kupasua kiti cha polipi. Msumeno hukata polepole bila kupasua.
- Ya mviringo na yanayotambaa, kwa mfano Favites, Micromussa na Echinophyllia. Polipi wamebanana juu ya jiwe moja, kwa hiyo hapa msumeno wa umeme unafaa kuliko kifaa kingine chochote. Mkato hupitishwa katikati ya mdomo mmoja na mwingine.
- Yenye polipi mmoja mkubwa, kwa mfano Cynarina na Trachyphyllia. Kwa kawaida hayakatwi, kwa kuwa kumkata polipi wa pekee ni kuhatarisha mnyama mzima.
- Matumbawe laini, kwa mfano Sarcophyton, Sinularia na Xenia. Hayana kiunzi cha jiwe na hukatwa kwa mkasi au wembe. Baadhi yake, hasa Sarcophyton na Sinularia, hutoa ute na kemikali zinazoweza kudhuru matumbawe mengine, hivyo hukatwa nje ya akwaria kuu, na maji yaliyotumika humwagwa.
- Uyoga wa bahari, yaani jamii ya Corallimorpharia kama Discosoma na Rhodactis. Hukatwa kwa wembe kupitia mdomo katika sehemu mbili au nne, na kila sehemu hujikunja na kuunda mdomo mpya. Kundi hili ni la pekee kwa kuwa halifuati kanuni ya mdomo mzima.
- Jamii ya Zoanthidea, yaani Zoanthus na Palythoa. Si matumbawe magumu, na hayakatwi kamwe kwa mashine. Sababu yake inaelezwa katika sehemu ya hatari.

Vifaa vya umeme

Mashine ndogo ya mzunguko hushikwa mkononi na huzungusha diski ndogo ya almasi kwa kasi kubwa. Mashine za namna hii zinajulikana kwa jina la Dremel, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1932 katika mji wa Racine, Wisconsin. Inafaa kwa kukata mashina, kupunguza kitako cha kipande na kutenganisha tumbawe na jiwe lililolishika. Udhaifu wake ni joto na vumbi: diski ikizunguka kwenye kiunzi kikavu hukausha na kuunguza tishu iliyo karibu, na unga wa chokaa huingia machoni na mapafuni. Kwa sababu hiyo tumbawe hulowanishwa mara kwa mara, na kasi hupunguzwa. Mashine nyingi za aina hii hazikutengenezwa kuingia majini, hivyo maji humwagwa kidogo juu ya tumbawe, si juu ya mashine.

Mashine ya kukatia vigae ina bledi ya duara inayopozwa kwa maji. Hupatikana kwa urahisi na hukata jiwe nene kwa haraka. Lakini bledi yake ni pana, hivyo kila mkato hupoteza mstari mzima wa tishu, na hurusha maji yenye chembe za tumbawe pande zote.

Msumeno wa mkanda wenye chembe za almasi ndio unaopendwa zaidi kwa matumbawe ya mviringo. Mkanda wake ni mwembamba, hauna meno yanayong'ata, na hupita katika maji wakati wote, hivyo haupati joto. Mkato ni mwembamba na fundi anaweza kuufuata mstari kati ya polipi wawili. Maji yanayowekwa ndani yake huwa ni ya chumvi, kwa sababu maji baridi ya bomba hupasua seli za tishu iliyo wazi. Maji hayo hubadilishwa kila tumbawe la aina nyingine linapoanza kukatwa, ili ute wa moja usiingie katika jeraha la jingine. Baada ya kazi mashine huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo kutu huila upesi.

Grainda kubwa ya fundi chuma haifai. Nguvu yake hupasua kiunzi, haina njia ya kupozwa kwa maji, na umeme wake karibu na maji ya chumvi ni hatari ya moja kwa moja.

Hatua za kazi

Tumbawe mama huchaguliwa likiwa na afya na likiwa limezoea akwaria kwa wiki kadhaa. Tumbawe lililotoka safarini au lililopauka halikatwi. Kuna hali moja ambapo tumbawe gonjwa hukatwa kwa makusudi: ugonjwa unapokula tishu kutoka chini kwenda juu, sehemu iliyo bado nzima hukatwa mbali na mpaka wa kidonda ili angalau nakala moja iokolewe.

Kabla ya kuanza, vyombo vitatu hujazwa maji kutoka akwaria ileile: cha kuwekea tumbawe, cha kusuuzia na cha dawa. Hatua ni hizi:

1. Tumbawe hutikiswa taratibu majini ili polipi wajikunje ndani. Polipi aliyejikunja hupata majeraha machache.
2. Mstari wa mkato huamuliwa kabla ya mashine kuwashwa, kwa kutazama midomo ilipo.
3. Tumbawe husukumwa kwenye bledi polepole, bila kulazimisha. Likikwama, hurudishwa nyuma.
4. Kila kipande husuuzwa ili unga wa chokaa utoke. Unga ulioganda juu ya jeraha huchelewesha kupona.
5. Kipande huingizwa katika maji yenye dawa, mara nyingi myeyusho wa iodini, kwa dakika chache kulingana na maelekezo ya dawa, kisha husuuzwa tena.
6. Kitako hukaushwa kwa karatasi laini na kubandikwa juu ya kijiwe cha kauri au kipande cha mwamba mkavu kwa supaglu nzito. Gundi hiyo, ambayo kemikali yake ni sianoakrilati, hukazwa na unyevu, ndiyo maana hushika hata ndani ya maji.
7. Kipande huwekwa mahali penye mwanga wa wastani na maji yanayotembea kiasi cha kuondoa ute bila kukipiga.

Tumbawe mama hurudishwa mahali pake palepale, chini ya mwanga uleule. Kulihamisha siku hiyohiyo ni kuliongezea mzigo wa pili.

Uponaji na ukuaji

Katika siku za kwanza jeraha hufunikwa na ute, kisha tishu huanza kutambaa juu ya kiunzi kilicho wazi. Aina nyingi huziba jeraha ndani ya wiki moja hadi tatu. Ishara ya kufanikiwa ni tishu kuvuka kitako na kuanza kufunika gundi na kijiwe. Wafugaji waaminifu hawauzi kipande kabla ya hatua hiyo, kwa sababu kipande kilichokatwa jana na kuuzwa leo mara nyingi hufa njiani au nyumbani kwa mnunuzi.

Ukuaji hutegemea maji. Joto hutunzwa kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na chumvi karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Kalsiamu hutunzwa kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita na magnesiamu karibu miligramu 1,300, kwa kuwa hayo ni sehemu ya malighafi ya kiunzi. Akwaria yenye vipande vingi hutumia kalsiamu na kabonati kwa kasi kuliko mwenye nayo anavyotarajia, hivyo vipimo hufanywa mara kwa mara. Spishi nazo hutofautiana: baadhi ya Acropora za matawi hurefuka kwa sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, ilhali Porites ya mviringo huongeza takriban sentimita 1.

Vipande pia hubeba wageni. Konokono wasio na gamba hula Montipora, na minyoo bapa Amakusaplana acroporae hula Acropora huku rangi yao ikifanana na ya tumbawe lenyewe. Dawa nyingi za kuzamishia huua wadudu hao lakini haziui mayai. Kwa hiyo kila kipande kinachoingia nyumbani hutengwa kwa wiki kadhaa katika tangi dogo na kukaguliwa kitako chake, mahali mayai yanapofichwa.

Hatari kwa binadamu

Hatari kubwa kuliko zote ni palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana za viumbe visivyo bakteria. Hupatikana katika baadhi ya Palythoa na Zoanthus, wanyama wenye rangi za kupendeza wanaouzwa kwa wingi katika maduka ya akwaria. Kwa macho haiwezekani kutofautisha walio na sumu nyingi na wasio nayo. Sumu hiyo ilitengwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Richard Moore na Paul Scheuer, mwaka 1971, kutokana na mnyama wa kisiwa cha Maui ambaye wenyeji walikuwa wakimjua tangu zamani kwa sumu yake.

Katika mwili, palitoksini hushika pampu za sodiamu na potasiamu zilizo katika utando wa kila seli na kuziacha wazi kama mlango uliovunjwa komeo. Chumvi za mwili hupita ovyo, na misuli, pamoja na moyo, huathirika. Sumu huingia kupitia jeraha, macho, mdomo au mvuke unaovutwa. Dalili za kuivuta ni ladha ya chuma mdomoni, kikohozi, homa, kubanwa kifua, maumivu ya misuli na udhaifu. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa. Mgonjwa hutibiwa dalili zake mpaka apone.

Visa vingi vilivyoandikwa vilitokea nyumbani wakati wa kusafisha au kuhamisha mawe. Katika jimbo la Alaska, kati ya 2012 na 2014, idara za afya za Marekani zilichunguza watu waliougua baada ya kuvuta hewa karibu na wanyama hao nyumbani na dukani. Mwezi Machi 2018, katika kijiji cha Steventon, Uingereza, familia nzima na baadhi ya wazimamoto waliokuja kuwasaidia walipelekwa hospitali baada ya akwaria kusafishwa. Sumu haikubagua aliyefanya kazi na aliyekuwa amelala chumba cha pili.

Kwa hiyo kanuni kwa Zoanthidea hazina msamaha:

- Hazikatwi kwa msumeno, grainda wala mashine ya mzunguko, kwa kuwa mashine hugeuza ute kuwa ukungu unaovutwa.
- Mawe yenye wanyama hao hayachemshwi, hayamwagiwi maji ya moto na hayasuguliwi kwa brashi yakiwa nje ya maji.
- Ukataji hufanywa kwa wembe chini ya maji, kwa glavu na miwani ya kinga, katika mahali penye hewa na mbali na watoto na wanyama.
- Anayehisi ladha ya chuma au kukohoa hutoka nje mara moja pamoja na wote waliomo, na daktari huambiwa wazi kwamba ni sumu ya viumbe wa akwaria.

Mashine zenyewe zina hatari yake. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, hivyo soketi inayotumika inapaswa kulindwa na swichi inayokata umeme mara unapovuja, na waya huachwa uning'inie chini ya kiwango cha soketi ili matone yasiufuate hadi kwenye plagi. Miwani ya kinga huvaliwa hata kwa mkato mdogo, na barakoa ya vumbi kwa kazi ya mashine. Nywele ndefu hufungwa. Jeraha la ngozi husafishwa na kufuatiliwa, kwani maji ya akwaria huweza kuwa na bakteria Mycobacterium marinum, inayosababisha vidonda vinavyochukua miezi kupona.

Biashara na sheria

Matumbawe magumu yote yameorodheshwa katika Kiambatisho II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kuvuka nayo mpaka bila kibali ni kosa, hata yakiwa yamekuzwa nyumbani. Marekani ndiyo mnunuzi mkubwa wa matumbawe hai na Indonesia ni miongoni mwa wauzaji wakuu. Indonesia iliposimamisha usafirishaji mwaka 2018, wafugaji wengi walitegemea vipande vilivyokatwa ndani ya nchi zao.

Ukataji wa nyumbani hupunguza haja ya kuchukua matumbawe ya mwituni, lakini hauiondoi. Wanunuzi hupenda rangi mpya, na kila rangi mpya huanza na koloni lililotolewa baharini. Faida kwa mwamba hupatikana pale koloni moja linapotunzwa kwa miaka na kugawanywa, si pale linapokatwakatwa lote siku ya kufika ili liuzwe haraka.

Urudishaji wa miamba

Msumeno uleule wa wafugaji umekuwa chombo cha uhifadhi. Katika maabara ya Mote, Florida, mwanasayansi David Vaughan aliona kwamba vipande vidogo vya Acropora palmata, vilivyovunjika kwa bahati mbaya vikabaki vimenata chini ya tangi, vilikua haraka kuliko ilivyotarajiwa. Yeye na wenzake walianza kukata matumbawe ya mviringo kwa msumeno wa mkanda katika vipande vya takriban sentimita 1 ya mraba na kuvipanda karibu karibu. Vipande vya mama mmoja vinapogusana havipigani. Tishu zao huungana kuwa koloni moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kwa njia hiyo eneo ambalo tumbawe lingelifunika kwa miaka mingi hufunikwa kwa muda mfupi zaidi.

Njia hii ina mipaka miwili. Kwanza, vipande vyote vya mama mmoja vina urithi uleule, hivyo ugonjwa unaoua kimoja unaweza kuua vyote. Ndiyo maana watafiti hutafuta pia uzazi wa kijinsia ndani ya akwaria, kama walivyofanikiwa wataalamu wa Makumbusho ya Horniman mjini London. Pili, kipande kilichopandwa hukutana na bahari ileile iliyoua kilichotangulia. Mwaka 2023 joto kali la bahari huko Florida liliua matumbawe mengi yaliyokuwa yamepandwa kwa mikono kwa miaka, na wafanyakazi walilazimika kuhamishia maelfu ya vipande katika matangi ya nchi kavu.

Afrika Mashariki

Katika pwani ya Waswahili matumbawe yamekatwa kwa karne nyingi, ingawa kwa ajili ya ujenzi. Mafundi walichonga Porites lililotolewa baharini likiwa bado bichi na laini, kisha likakauka na kuwa gumu. Mihirabu na miimo ya milango ya miji ya kale kama Kilwa na Gedi ni ushahidi wa kazi hiyo.

Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Tanzania. Tangu hapo kukata kwa ajili ya kupanda kumeanza pia huku. Watafiti wakiongozwa na Nsajigwa Mbije walichapisha mwaka 2010 majaribio ya vitalu vya matumbawe katika Zanzibar na Mafia, na huko Shimoni na kisiwa cha Wasini, Kenya, wanakijiji hushirikiana na watafiti kutunza vitalu baharini. Vipande vyao hukatwa kwa koleo na kuning'inizwa kwa kamba au kubandikwa kwa saruji, bila umeme. Kanuni ni zilezile za mfugaji mwenye msumeno: mama awe na afya, mkato uwe safi, kipande kishikizwe imara, na asichukuliwe mama zaidi ya anachoweza kukirudisha.